Gari la Zahanati Lirudishwe Topeni

Shafi Osman,
Mwenyekiti, Chama cha Wavuta Magari wa Bungoma na Kitale,
Nyuma ya Msikiti, Bungoma.
Machi 2009

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Kamati ya Dharura ya Kipindupindu na Uvutaji wa Magari,
Kitale.

Mheshimiwa,

KUHUSU: GARI LILILOTOLEWA TOPENI KINYUME CHA KANUNI, NA OMBI KWAMBA LIRUDISHWE

Nakusalimu kwa heshima ya cheo chako, na nakupa pole kwa kazi ya kupambana na kipindupindu na magari mabovu kwa wakati mmoja. Sisi huku Bungoma hatujambo, isipokuwa mama yangu, ambaye nitamtaja mbele, na lori langu, ambalo nalo nitalitaja.

Mimi ni mvuta magari. Lori langu lina winchi, mnyororo na ndoana, na ubavuni limeandikwa jina lake, Subira. Watu wa mjini huliita brekidauni, na wenye dharau husema linaitwa hivyo kwa sababu linaharibika kuliko yale linayoyavuta. Huo ni uongo. Linaharibika sawasawa nayo. Chama changu kina wanachama wawili, mimi na Bwana Mbugua wa Kitale, na mikutano yetu haijawahi kukosa akidi, maana akidi ni nusu.

Kabla ya kulalamika nataka kushukuru. Kipindupindu kilipoingia na watu wakaanza kuanguka, Kamati yako iliona jambo ambalo hata madaktari hawakuliona: kwamba gari bovu huvutwa likiwa na watu ndani, na watu hao wana matumbo. Mkatoa Kanuni za Dharura kuhusu sisi wavuta magari. Wenye midomo wanasema Kanuni hizo zilikuwa za vibanda vya chakula, na kwamba kwa haraka mlifuta tu neno kibanda mkaandika brekidauni. Mimi siamini, ingawa Kanuni ya sita inanitaka nifunike sufuria zangu zisiguswe na nzi. Sikuwa na sufuria kwenye lori. Nilinunua moja nikaifunika. Navaa koti jeupe na kofia nyeupe ninapoingia uvunguni mwa lori, na mke wangu ameacha kuniuliza chochote kuhusu kufua. Nimekata kucha. Nilipeleka choo changu kupimwa, nacho kikapita.

Kanuni ninayoipenda kuliko zote ni ya tisa. Inasema mvuta magari wa Bungoma atagongewa muhuri Kitale, na wa Kitale atagongewa Bungoma, ili kuzuia mambo ya kujuana. Tena bila kibali kilichogongwa muhuri kwa kazi hiyo moja, brekidauni haitatia gurudumu barabarani. Kwa hiyo gari likikwama, sisi huacha malori yetu nyumbani tukaenda kuomba lifti kwenye malori ya watu wengine, tukitafuta muhuri. Ni utaratibu mzuri, unampa mtu muda wa kufikiri.

Baada ya kusema hayo, malalamiko yangu ni haya:

1. Kwamba gari la zahanati lilitolewa topeni na mtu asiye na kibali.

Jumanne iliyopita mvua ilinyesha huko mlimani Cheptais, na gari la zahanati lililokuwa likimshusha mgonjwa wa kipindupindu kwenda hospitalini likakwama kwenye ule mteremko wa udongo mwekundu chini ya soko. Mgonjwa alikuwa amelazwa nyuma, chupa ya maji ya dripu imefungwa kwa kamba kwenye paa. Dereva, kijana mstaarabu aitwaye Noah, alifanya kama inavyotakiwa. Alinipigia simu.

Nilivaa koti langu, nikaliacha Subira limelala uani, nikapanda lori la mahindi kwenda Kitale. Pale Ndalu nilipishana na Bwana Mbugua akiwa juu ya lori la kabichi, naye ameshika kofia yake nyeupe isipeperuke, anawahi muhuri wa Bungoma, kwa kuwa dereva alikuwa mwangalifu akatupigia sote wawili. Tulipungiana mikono. Nilijisikia fahari kuona sheria ikifanya kazi pande zote mbili za barabara.

Kitale mlinipokea vizuri, na sina neno juu yenu. Muhuri ulikuwapo. Wino ulikuwapo. Aliyekosekana ni mwenye ufunguo wa kabati la muhuri, ambaye alikuwa amekwenda sokoni kufundisha watu kunawa mikono. Niliambiwa nikae kwenye benchi, nikakaa.

Sasa wakati mimi nimekaa kwenye benchi la Serikali, mkulima mmoja wa huko Cheptais, Bi Jeruto, alikuwa shambani kwake akilima na maksai wake wanne. Aliliona gari. Aliwafungua maksai kwenye plau, akateremka nao mpaka barabarani, akawafunga kwenye gari la zahanati kwa mnyororo uleule wa plau, wenye udongo, akalivuta likatoka. Hakuuliza kibali, wala hakuuliza kama kuna Kamati. Kisha, kwa kuwa barabara ilikuwa mbovu mbele pia, aliendelea kulivuta mpaka lilipofika kwenye changarawe. Ninasikitika kukuarifu kwamba mgonjwa alifika hospitalini akiwa hai, jambo ambalo limewatia watu wengi mawazo mabaya kuhusu sheria.

Ili nisije nikashukiwa kuficha kitu, niseme wazi kwamba mgonjwa huyo ni mama yangu mzazi, Bi Kadija, ambaye hupanda Cheptais siku za soko kuuza leso. Nimezisoma Kanuni kurasa zote na sikuona mahali undugu ulipotajwa. Kwa hiyo naendelea.

2. Kwamba maksai hao hawakutimiza sharti hata moja la usafi.

Hawakuvaa makoti. Kwato zao hazijakatwa. Yule wa mbele, ambaye Bi Jeruto humwita Diwani, alimpiga chafya dereva. Na kazi ilipokwisha, Bi Jeruto alimpa dereva maziwa ya kibuyu anywe, katikati ya dharura, bila kifuniko cha aina yoyote inayotambuliwa.

Ila la usafi ni dogo ukilinganisha na la bei. Kule mlimani wana mila kwamba mtu aliyekwama hatozwi kitu. Anayekuvuta leo utamvuta kesho, na kama huna cha kuvutia, utakwenda kumsaidia palizi. Mheshimiwa, biashara gani itasimama kando ya mila kama hiyo? Mimi nina winchi. Siwezi kushindana na palizi.

Nampongeza Bwana Eliakim Mukhisa, karani wa tawi lenu la hapa Bungoma, kwa kuwakamata maksai hao. Alitaabika kidogo kwenye fomu, pale palipotaka aina ya gari na idadi ya magurudumu. Mwishowe aliandika kumi na sita, akihesabu miguu. Sasa wamefungwa uani nyuma ya ofisi yake, na Ijumaa watapigwa mnada ikiwa mwenyewe hataleta vyeti vya choo chao. Choo chenyewe wamekwisha kukileta, tena kwa wingi, mbele ya mlango wa ofisi, lakini si katika kichupa kinachotakiwa.

Bwana Eliakim alipomuuliza kwa nini alifanya alivyofanya, Bi Jeruto alijibu maneno haya, nami nayanakili kama yalivyo: “Gari ilikuwa na mgonjwa, na ng'ombe yangu ilikuwa na nguvu. Sasa ningengoja nini?” Utaona mwenyewe kwamba katika jibu hilo hakuna Kanuni hata moja iliyotajwa.

Tangu siku hiyo anashuka kutoka Cheptais na mzigo wa majani, anasimama nje ya ua, anawaita kwa majina, anawatupia majani juu ya ukuta. Anasema mvua imeanza na shamba lake halijafika hata nusu, na maksai wakienda mnadani hatapanda mahindi mwaka huu. Nilimsikia kwa masikio yangu. Kama jirani namwonea huruma. Kama Mwenyekiti sina ruhusa.

3. Kwamba watu walisukuma, na mlima ukavuta.

Maksai hawakuwa peke yao. Kwaya ya kanisa iliyokuwa ikifanya mazoezi hapo karibu iliacha mazoezi, ikashuka, ikaweka mikono nyuma ya gari na kusukuma, sauti ya kwanza upande huu na besi upande ule. Nani alihakikisha kwamba mikono hiyo imenawa? Kipindupindu hupitia mikononi, sisi sote tumefundishwa, na yule mwenye ufunguo wa kabati ni shahidi wangu. Napendekeza kila anayesukuma gari awe na kibali chake na picha mbili za pasipoti.

Hapo nikafikiri zaidi, na ukifikiri zaidi, Mheshimiwa, huwezi kuishia kwa kwaya. Mtu akisukuma gari mbele ni sawa na kulivuta, kwani linakwenda. Basi na gari linaloteremka lenyewe, dereva akiwa amezima injini kubana mafuta, kama wanavyofanya wote kutoka Cheptais kuja Chwele, hilo nalo linavutwa. Nani analivuta? Mlima Elgon. Mlima huo umekuwa ukivuta magari tangu yalipoletwa nchi hii, haujawahi kuomba muhuri Kitale wala Bungoma, na katika dharura yote hii haujapimwa. Sisemi ukamatwe, kwa sababu najua ua wa Bwana Eliakim hautoshi. Nasema upewe onyo kwa maandishi.

4. Kwamba njia pekee ya kurekebisha makosa haya ni kulirudisha gari topeni.

Hili ndilo ombi langu kuu, na naomba ulisome ukiwa umetulia.

Kitu kilichofanywa bila kibali, kisheria hakijafanywa. Kwa hiyo gari la zahanati, ingawa macho yanaliona likizunguka mjini, kisheria bado limekwama chini ya soko la Cheptais. Mimi nina kibali halali cha kulitoa. Kina muhuri, kina sahihi, kina hata alama ya kikombe cha chai cha mwenye ufunguo. Naomba basi gari lirudishwe palepale, litiwe tope kwa kina kilekile, nami nije na Subira, koti jeupe na sufuria yangu, nilitoe kama inavyotakiwa. Tope limeanza kukauka, lakini kwaya inaweza kuagizwa kuteka maji, iwe ndiyo adhabu yao.

Kuna ugumu mmoja. Ili kazi ilingane na kibali, mgonjwa anatakiwa awemo ndani. Mama aliruhusiwa kutoka hospitalini juzi na yuko nyumbani kwangu. Nilimweleza jambo hili kwa upole, nikimwambia kwamba ni kulala tu nyuma ya gari kwa muda mfupi, na kwamba dripu inaweza kuwa tupu. Aligeukia ukutani, na tangu hapo hajaonja uji wa nyumba yangu. Anasema hatatia kitu changu kinywani mpaka ng'ombe wa Jeruto warudi kwao. Anakunywa vijiko vichache vya uji wa jirani yetu, na daktari alisema ale vizuri ili nguvu zirudi, kwa hiyo mke wangu naye haniongeleshi.

Ikiwa Kamati itakubali, badala ya Mama tunaweza kuweka gunia la mahindi. Limekaribiana naye kwa uzito, sasa alivyokonda.

5. Hoja hii nimeifuta. Namwomba karani asiisome, na kama amekwisha kuisoma, asiiingize kwenye faili.

Ilikuwa inasema kwamba nilirudi kutoka Kitale na muhuri wangu, nikalichukua Subira, nikapanda Cheptais mbio, nikafika mahali penyewe jua likielekea kuzama. Gari halikuwapo. Palikuwa na tope lililovurugika, alama za kwato, na leso moja ya Mama imekanyagwa kwenye udongo. Hapakuwa na mtu wa kuuliza. Niliamini amekufa. Niliamini wamemtoa garini wakamchukua mahali, kwa sababu wagonjwa wa kipindupindu huzikwa upesi, nasi tunajua hivyo. Niliketi kwenye tope na koti langu jeupe, kibali mkononi, na nikasema maneno kuhusu muhuri wa Kitale ambayo hayawezi kuandikwa kwa Mheshimiwa.

Ndipo Bi Jeruto alipopita akiwarudisha maksai nyumbani. Aliniona, akasimama, akaniambia Mama amefika hospitalini, dereva amepiga simu, na amefumbua macho akauliza habari za mzigo wake wa leso. Nilishika pembe ya huyo Diwani ili nisimame. Nilifurahi, Mheshimiwa. Nilifurahi mpaka nikalia, kabla sijakumbuka Kanuni.

Nilipozikumbuka nilikwenda kwa Bwana Eliakim nikamweleza nilichokiona, kama inavyompasa Mwenyekiti. Ndivyo maksai walivyokamatwa. Haya yote nimeyafuta.

6. Kwamba magari hukwama bila taarifa.

Chanzo cha matatizo yote ni kwamba gari hukwama kwanza, kisha mwenyewe ndipo hutafuta kibali. Huo ni utaratibu uliopinduka. Napendekeza kila dereva anayekusudia kukwama aiarifu Kamati kwa maandishi wiki moja kabla, akitaja mahali, kina cha tope, na kama atakuwa na mgonjwa au la. Hapo mimi na Bwana Mbugua tutapata nafasi ya kwenda Kitale na Bungoma, kugongewa mihuri, na kumngoja palepale. Atakapokwama atatukuta. Atakayekwama bila kuomba ahesabiwe kwamba hajakwama, na aendelee na safari.

Vilevile kuna magari ambayo hujitoa yenyewe, dereva akikanyaga mafuta kwa hasira. Hayo nayo yarudishwe.

Mheshimiwa, naamini utayapokea malalamiko haya kwa moyo uleule mlioandikia Kanuni. Msimamo wangu ni kwamba maksai wauzwe Ijumaa kama ilivyopangwa, gari lirudishwe topeni, na mlima uandikiwe. Nisalimie wanakamati wote, nisalimie mwenye ufunguo wa kabati, na mwambie mafundisho yake ya kunawa mikono tunayafuata. Bwana Mbugua anakusalimu pia kutoka popote alipo barabarani. Familia yangu inakusalimu, wale wanaoniongelesha.

Ni mimi mtiifu wa Kanuni zako, katika tope na pakavu,

Shafi Osman
Mwenyekiti

Baada ya sahihi: Mheshimiwa, barua hii nilitaka kuifikisha mwenyewe kwenye tawi lenu la Bungoma, Alhamisi asubuhi. Kwa kuwa kibali changu cha Cheptais hakijatumika, niliona Subira lina haki ya kutembea. Mama alisikia ninakokwenda, akajifunga leso, akapanda mbele bila kuniuliza. Hana nguvu za kupanda lori, lakini alipanda.

Tulipofika kwenye lango la ua wa Bwana Eliakim, Subira lilizimika katikati ya lango. Nilijaribu kila kitu. Ndani ya ua, mbele ya lori langu, lilikuwa gari la Kamati limejaa dawa ya kutibu maji ya visima, likielekea Ndalu, ambako asubuhi hiyo watu wapya walikuwa wameanza kuugua. Halikuweza kutoka. Bwana Eliakim alifungua Kanuni. Wa kuvuta Subira alikuwa Bwana Mbugua peke yake, naye alikuwa Kitale, na angehitaji kwanza aje Bungoma kwa muhuri, arudi Kitale kuchukua lori lake, kisha aje tena. Dereva wa dawa alipiga honi. Bwana Eliakim alinitazama mimi, kwa kuwa mimi ndiye ninayezijua Kanuni zaidi. Bi Jeruto alikuwa amesimama ukutani na majani yake.

Nilianza kueleza Kanuni ya tisa. Nilifika katikati. Mama alifungua mlango wa lori, akasema kwa sauti ndogo, maana kubwa hana: “Shafi, mimi nililala kwa hiyo gari nikiangalia chupa ya maji ikiisha. Ilikuwa imebaki kidogo hivi. Wewe sasa unataka watu wa Ndalu wakungoje pia?”

Nilijibana pembeni mwa lori, nikatokea uani, nikamfungua Diwani kwa mikono yangu mwenyewe. Wale wengine watatu aliwafungua Bwana Eliakim, na naomba asiadhibiwe, alikuwa amechanganyikiwa na honi. Bi Jeruto aliwaita kwa majina, wakapenya pembeni mwa lori mmoja mmoja hadi barabarani, tukafunga mnyororo wangu kwenye nira yao, Subira likatoka langoni kama jino bovu. Gari la dawa likapita. Askari wenu wa lango walisukuma kutoka upande wa ua, bila picha za pasipoti. Lori lilipofika kwenye mteremko wa barabara, mteremko ukalivuta, na injini ikashika.

Maksai hawakusimama. Walikwisha kujua njia ya kwao. Bi Jeruto aliwafuata na fimbo begani, na Bwana Eliakim akawatazama wakiondoka, kisha akaanza kutafuta kalamu yake mfukoni, akaitafuta kwa muda mrefu sana, mpaka wakapotea kwenye kona. Mimi niliwasha taa za hatari nikawafuata nyuma, mwendo wa ng'ombe, ili gari lisiwagonge, na tukaenda hivyo hadi Cheptais. Kibali changu kilikuwa cha Cheptais, kwa hiyo hapo sikuvunja kitu.

Bwana Eliakim ameniomba niitume barua hii hivihivi, kwa sababu imekwisha kupewa namba ya faili. Leo Ijumaa hakuna cha kunadi. Kwa mujibu wa hoja yangu ya nne, najua kwamba Subira linatakiwa kurudishwa langoni na kuzimwa. Naomba msiirudie hoja hiyo mbele yangu.

Naandika haya nikiwa shambani kwa Bi Jeruto, nyuma ya plau. Nimeambiwa nina deni la palizi. Mama ameketi kivulini mwa lori na kibuyu mkononi, bila kifuniko, na amekunywa. Amenipa na mimi.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, naomba hoja ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne na ya sita zifutwe zote. Ibaki ya tano, ile niliyokuwa nimeifuta.

S. O.